Maswali Yenu: Ubongo Ukishaamua, Nani Alaumiwe?

SWALI: Nimesoma kuwa vipimo vinaonyesha ubongo huamua kabla mwenyewe hajajua. Kama ni kweli, tunamlaumu mwizi kwa haki gani?

JIBU: Chanzo cha habari hiyo ni jaribio la 1983 la Benjamin Libet, mtafiti wa ubongo. Washiriki waliwekewa elektrodi (vipokezi vya umeme wa ubongo) kichwani, wakakunja kidole au kifundo cha mkono wakati wowote waliotaka, huku wakitazama nukta inayozunguka kwenye saa. Kisha walitaja nukta ilipokuwa waliposikia hamu ya kukunja. Umeme wa ubongo ulianza kupanda takriban milisekunde 550 (zaidi kidogo ya nusu sekunde) kabla ya mkono kusogea. Hamu ilikuja takriban milisekunde 200 kabla.

Lakini angalia mchoro wa umeme huo ukipanda ulivyopatikana. Kukunja mara moja hakuonyeshi kitu, mawimbi mengine ya ubongo huufunika umeme huo. Hivyo vipimo vya kukunja mara 40 hivi hupangwa kwa kurudi nyuma kuanzia mkono uliposogea, kisha hutafutwa wastani. Nyakati ambazo umeme ulipanda na mkono ukatulia hazimo kabisa! Mwaka 2012 mtafiti Aaron Schurger na wenzake walionyesha kuwa mabadiliko ya kubahatisha ya umeme wa ubongo, yanayozusha tendo yakifikia kiwango fulani, yakipangwa hivyo, hutoa mchoro uleule. Kupanda kule si lazima kuwe uamuzi. Tena, kukunja kidole bila sababu yoyote ni mbali sana na kuiba.

Hata kama kila tendo lina chanzo chake, swali la lawama ni chanzo cha namna gani. Mkono wa mgonjwa wa kifafa ukimpiga jirani, hakuna onyo ambalo lingeuzuia. Mwizi anayengoja mlinzi asinzie anapima sababu: angeona taa inawaka, angeahirisha. Basi uliza: alijua anachotenda? Alishurutishwa? Sababu nzito ya kuacha ingemfikia? Majibu huwa na viwango, ndiyo maana mtoto mdogo au mtu aliyebanwa na uraibu hulaumiwa kidogo zaidi.

Ugumu mmoja unabaki, nao ni mzito: hakuna aliyejichagulia malezi yaliyomfanya apime sababu vile. Kwangu hilo halimfutii mwizi wajibu wa kurudisha mali, ila linaidhoofisha sana adhabu inayolenga kumuumiza tu.

SWALI: Je, fizikia ya chembe ndogo, yenye matukio ya kubahatisha, haituokoi?

JIBU: Hapana. Tendo lililozuka kwa bahati nasibu ndani ya ubongo si lako zaidi ya lile lililosababishwa. Unachohitaji ni kulitawala.