Nimemsamehe mdogo wangu, sasa anataka laini za duka

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni fundi cherehani, niko Morogoro. Mwaka juzi mdogo wangu wa tumbo moja alikuwa anakaa kwangu, nikawa nampa laki na ishirini kila mwezi apeleke marejesho ya kikoba, kumbe miezi minne hajapeleka hata mia. Nimekuja kujua siku wamama wa kikoba wamekuja kubeba cherehani yangu, majirani wamejaa nje wanaangalia, na yeye keshatoroka. Sasa amerudi, ameokoka, kaniomba msamaha mbele ya kanisa nikasema nimemsamehe, watu wakapiga vigelegele. Ila anataka akae dukani ashike laini zangu za miamala, nikisita ananiambia dada inamaana hujasamehe. Na kweli kila nikisikia kandambili zake mlangoni tumbo linanikaza. Je, mimi ni mnafiki mbele za Mungu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wewe sio mnafiki, wewe umeumizwa, na nadhani hao waliopiga vigelegele walikuharakisha, maana hakuna hata mmoja aliyeuliza cherehani iko wapi.

Najua utasomewa Mathayo 18, Petro anauliza nisamehe mara ngapi, Yesu anamwambia saba mara sabini. Sawa, lakini endelea kusoma pale chini. Yule mtumwa aliyesamehewa talanta elfu 10 alikuwa anamdai mwenzake denari 100, na sisi tumezoea kuhubiriwa kwamba denari 100 ni vihela tu. Sio vihela jamani! Denari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa kutwa, iko Mathayo 20, kwahiyo denari 100 ni miezi mitatu na zaidi ya jasho la mtu. Yesu hakusema deni lako ni dogo. Kwahiyo ukipiga magoti usimwambie Mungu "yameisha" wakati hayajaisha, mtajie hela yenyewe, laki nne na themanini, mtajie na aibu ya siku ile, halafu ndio umwambie nimeiachilia, sitamlipiza, sitamtangaza. Kesho tumbo likikaza unarudia tena, mi naamini hiyo saba mara sabini mara nyingine ni kwa kosa lile lile moja.

Sasa habari ya laini. Hiyo ni kesi nyingine kabisa, usikubali zichanganywe. Yusufu aliuzwa na ndugu zake, na aliyetoa wazo la kumuuza alikuwa Yuda. Miaka imepita wanakuja Misri kutafuta chakula, Yusufu anawatambua, anajificha kando analia, lakini hajitambulishi! Anawapa nafaka, hela zao anazirudisha kwenye magunia, hawalali njaa, ila anawapima mpaka siku kikombe kimekutwa kwenye gunia la Benyamini, na ni Yuda huyo huyo anasimama anasema nichukueni mimi niwe mtumwa, kijana aende kwa baba yake. Hapo ndipo Yusufu alishindwa kujizuia akalia kwa sauti mpaka nyumba ya Farao wakasikia. Alikuwa anatafuta kuona kama Yuda amebadilika, na akaona.

Hata Papa Yohane Paulo wa Pili, alipigwa risasi Mei 1981 akatangaza kumsamehe aliyempiga siku nne tu baadaye akiwa bado kitandani hospitali, Desemba 1983 akaenda kukaa naye gerezani wakaongea, halafu Papa akaondoka yule mtu akabaki ndani ya gereza la Italia mpaka mwaka 2000.

Kwahiyo mpe mdogo wako chai, mpe chakula, salini pamoja, laini zibaki kwako. Na mwite mkae wawili, bila mchungaji bila mashahidi, mwambie siku ile wamama walipokuja ulikuwa umevaa nini, nani alikuwa amesimama nje, yote. Pengine hajawahi kuijua siku ile yeye keshaondoka. Akinyamaza akalia, au akaanza mwenyewe kukuletea hata elfu tano tano za cherehani kama Zakayo alivyorudisha, basi niandikie tena tuongee habari ya duka.