Mnaouliza juu ya ngome ya Kilwa

Papa, nilifika Kilwa na ngome sikuiona. Iko upande gani? (Msomaji, Katuba)

Tangu niandike makala yangu juu ya ngome ya Kilwa, hii ni mara ya nne naulizwa hivi. Kilwa yetu ya Katanga, hapa Kongo, iko kando ya ziwa Moero, huko Pweto. Ngome niliyoizungumzia iko Kilwa Kisiwani, Tanzania, kama kilomita 300 kusini ya Dar es Salaam. Someni mpaka mwisho kabla ya kupanda basi, tafadhali.

Ni Wareno waliijenga? (Mwanafunzi, Kampemba)

Walianza wao. Jemadari wao Francisco de Almeida aliuteka mji Julai 1505, akajenga ngome, na mwaka 1512 Wareno wakaondoka. Kuta zinazosimama leo nyingi ni za Waomani, za karne ya 19. Wenyeji huiita Gereza, neno lililotoka kwa Kireno igreja, yaani kanisa. Sisi huku tunasema buloko, yaani jela, na kuwacheka wanaosema gereza; mjue basi neno hilo limepita mikono gani.

Watumwa wa kwetu walifungiwa humo? (Mama, Ruashi)

Mama, swali lako ndilo zito. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alipatana na Mfaransa Morice ampe watumwa 1,000 kila mwaka. Mapatano hayo ni ya zamani kuliko kuta za Waomani. Baadaye biashara hiyo ilihamia Kilwa Kivinje, bara, na misafara iliyofika pale ilitoka zaidi upande wa ziwa Nyasa. Kwetu Katanga, mtawala M'siri wa Bunkeya aliuza pembe na watu kwa njia mbili: ya Angola na ya pwani ya mashariki. Kwa hiyo usisimame ndani ya Gereza kumlilia babu yako kwa kuwa kiongozi wa watalii amekuambia hivyo. Mwulize anajuaje. Tena uliza habari za wauzaji, maana walikuwemo watu wetu pia, na hilo hatupendi kulifundisha watoto.

Kuingia ni bure? (Mfanyabiashara wa Kariakoo)

Hapana. Chukua kibali Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua, na udai risiti.

Naweza kuokota vigae kwa ukumbusho? (Kijana, Kamalondo)

Usiokote! Ufukweni utakanyaga vipande vya sahani za Kichina, vyeupe vyenye maua ya buluu, vidogo kama ukucha, na mkono utakuwasha. Viache hapo hapo. Sarafu moja ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa ilipatikana Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale nchini Zimbabwe, ndiyo maana tunaweza kuonyesha kwa kidole mahali ambapo mali ya Kilwa ilifika. Ingeishia mfukoni mwa mpitaji, leo ingekuwa kipande cha shaba tu ndani ya droo ya mtu. Nawe uliyeniandikia kwamba kimoja umekwisha kukileta Lubumbashi: safari ijayo ya Dar, kirudishe.