Kwenye Fantasia, Mwenye Shahada Aongee Mwisho

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa kijana wa kidato cha nne. Nauweka hapa kwa ruhusa yake, nilichogusa ni tahajia tu: "Kaka, mimi ni mpenzi wa hadithi za majoka, wachawi na falme ambazo hazipo. Darasani wananiita mtoto. Mama naye anasema hayo ni ya wadogo zangu, nishike vitabu vya maana. Hivi fantasia ina umri wa kuacha?"

Haina. Ningeweza kuishia hapo, ila mdogo wangu huyu amenitonesha kidonda, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Mimi fantasia ilinikuta shule ya msingi, kwenye kitabu kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo. Sikujua kinaitwaje wala nani kakiandika. Nilichojua ni kwamba kuna msichana anavushwa mto na mtu ambaye uso wake hubadilika kila anaposema uongo. Nilikisoma mpaka uzi ukaachia. Nikimaliza naanza upya, na kwa kuwa mwanzo wenyewe haukuwepo, kila mara nilijitungia mwingine. Watu huniuliza nilijifunzia wapi kuandika. Nilijifunzia kwenye kurasa zilizochanika, na wala sioni haya kulisema.

Nyumbani hakuna aliyenigombeza wakati ule. Mtoto akishika hadithi ya joka, wakubwa husema "angalau anasoma". Matata yalianza sekondari. Kitabu cha aina ile ile kilichonipa sifa ya mtoto mwenye bidii sasa kikawa ushahidi kwamba sijakua. Mwalimu mmoja alininyang'anya riwaya, akasimama mbele ya darasa na kusoma aya nzima kwa sauti ya kubana pua, pale mchawi mzee anapozungumza na farasi wake. Darasa likaangua kicheko. Mimi nilijua kinachofuata: ukifunua ukurasa tu, farasi anakufa. Nilitamani aendelee, nione kama kicheko kingedumu. Akakifunga.

Sasa sikia kichekesho chenyewe. Muhula huo huo tulikuwa tunasoma Kusadikika ya Shaaban Robert kwa ajili ya mtihani. Ni kitabu cha mwaka 1951. Nchi nzima inaelea angani, wajumbe sita wanatumwa pande sita, mmoja Mbinguni na mmoja Ardhini, na wakirudi na mawazo mapya wanatupwa gerezani. Kama hiyo si fantasia basi mniambie fantasia ni kitu gani. Lakini hakuna aliyebana pua, kwa sababu kulikuwa na maswali ya kujibu: Karama anatetea nini, Majivuno anasimama badala ya nani, mwandishi anausema vipi utawala wa kikoloni. Nchi ikielea kwenye mtihani ni fasihi. Ikielea mikononi mwa kijana aliyejisomea mwenyewe chini ya dawati, ni utoto.

Chuo kikuu ndiko nilikomaliziwa. Nilipeleka pendekezo la utafiti kuhusu wasomaji wa fantasia, msimamizi wangu akasoma kichwa cha habari tu, akazisukuma karatasi mezani zikarudi upande wangu. "Lete kitu cha watu wazima." Nikaleta. Nikaandika juu ya mada aliyoipenda yeye, nikapata alama nzuri, na leo hata ukinishikia fimbo siwezi kukutajia hoja moja niliyoijenga mle. Yule mchawi na farasi wake nawakumbuka mpaka nukta. (Mheshimiwa, kama unapita hapa, kikundi changu sasa kinajaza viti kuliko semina zako. Samahani, imenitoka.)

Ndiyo, nina kikundi cha kusoma fantasia, na nitajisifu kidogo kwa sababu hakuna atakayenisifia. Tunasoma kitabu kimoja kwa wote. Yupo binti wa darasa la tatu anayeletwa na dada yake wa sekondari. Yupo kijana wa mwaka wa mwisho chuoni, anasomea sosholojia. Yupo fundi mwashi aliyeishia darasa la saba. Yupo mwalimu mstaafu tunayemwita Mama Mwalimu, anayesoma na kioo cha kukuzia herufi. Nilipoanza niliambiwa mtoto atachoka, fundi hataelewa na mstaafu atasinzia. Juzi tumemaliza riwaya nene kuliko zote tulizowahi kuthubutu. Aliyesinzia ni kijana wa chuo.

Siri yake ni sheria moja tu, na ndiyo ushauri wangu mkubwa leo: anaanza kuongea mwenye madarasa machache zaidi, anamaliza mwenye mengi zaidi. Kabla ya hapo aliyefungua mazungumzo alikuwa kijana wa chuo, na akishatamka "itikadi" na "taswira", wengine wote wanaangalia vidole vyao vya miguu. Sheria ilipokuja alinuna. Hata mimi kwa sheria hiyo naongea karibu na mwisho, na wanaonifahamu wanajua hilo ni gumu kiasi gani.

Kwenye riwaya hiyo kuna joka lililolala juu ya dhahabu kwa miaka mia moja. Binti wa darasa la tatu akafungua kikao: "Nani anamletea chakula?"

Tulicheka. Kisha tukaangaliana, maana hakuna aliyekuwa na jibu. Dada yake akaanza kupekua kurasa za nyuma, akakuta sura tuliyoipita haraka, ambapo wanakijiji wanapoteza ng'ombe kila mwaka na mfalme anawaambia ni simba. Kumbe mfalme anajua! Ng'ombe wanakwenda kwa joka ili joka lisiamke. Zamu ya kijana wa chuo ilipofika, ile karatasi aliyoiandaa kuhusu tamaa ya mali aliikunja akaitia mfukoni, akazungumza juu ya kodi ambayo haiitwi kodi na namna watu wanavyozoeshwa kuilipa bila kujua. Ni maneno bora kuliko yote aliyowahi kutoa pale. Yamezaliwa na swali la mtoto wa miaka tisa anayetaka kujua joka linakula nini.

Fundi naye. Kuna ngome inayojengwa usiku mmoja kwa uchawi, na mwandishi anaeleza kwa mapambo mengi namna mawe yanavyoruka na kukaa yenyewe kwenye mchanga wa ukingo wa mto. Sisi wenye vyeti tukaanza kusema ngome ni ishara ya kiburi, ngome ni ishara ya woga. Fundi akakuna kidevu: "Huu ukuta utaanguka kabla kitabu hakijaisha. Hauna msingi, na unakaa juu ya mchanga wa mto. Mwandishi anajua anachofanya." Sura za mwisho mvua ikanyesha, ukuta ukaenda na maji. Sisi tulisoma ishara, yeye alisoma ukuta.

Mama Mwalimu hana habari na joka wala ngome. Kitabu kizima alikuwa anamfuatilia mtumishi mzee aliyeachwa langoni siku mashujaa wanaondoka, akaambiwa "tutarudi", na hatajwi tena. "Ama mwandishi amemsahau," alisema, "ama ametaka tumsahau, aone nani atauliza." Mimi nilikuwa nimemsahau kabisa.

Nimeona hivi kwa muda sasa. Mtoto anazishika kanuni za uchawi kwa ukali kuliko hakimu: ulisema pete haifanyi kazi juani, mbona hapa imefanya? Huwezi kumdanganya. Kijana wa sekondari anatafuta nafasi yake mle ndani, angekuwa upande gani, angesaliti au asingesaliti. Wa chuo anauliza nani anatawala na nani analipa. Mtu mzima anatazama nani amechoka. Kila mmoja ana jicho lake, na anayedhani jicho lake limeyameza yote ya nyuma yake ndiye anayekosa ng'ombe.

Na aibu hii ya umri haikuanza na sisi. Mwaka 1936, mchapishaji Stanley Unwin wa London alipopelekewa mswada wa The Hobbit wa J.R.R. Tolkien, alimpa mwanawe Rayner, mwenye miaka 10, ausome na kumwandikia ripoti kwa ujira wa shilingi moja. Rayner akaandika kwamba ni kizuri na kitawafaa watoto wote wa kati ya miaka 5 na 9. Yaani ana miaka 10, kakifurahia mwenyewe, halafu anasema ni cha wadogo zake! Kitabu kikatoka mwaka 1937. Rayner huyo huyo alipokuwa mtu mzima ndani ya kampuni ya baba yake ndiye aliyeupigania mswada mkubwa wa The Lord of the Rings, wa Tolkien huyo huyo, ingawa alimtahadharisha baba yake kwamba wangeweza kupoteza pauni 1,000. Majuzuu matatu yakatoka mwaka 1954 na 1955. Miaka ya 5 hadi 9 ikawa wapi?

Wachapishaji wenyewe wanaijua aibu hiyo na wanaifanyia biashara. Harry Potter ya kwanza ilitoka Uingereza mwaka 1997, na mwaka uliofuata wachapishaji wake, Bloomsbury, wakatoa toleo lenye jalada la watu wazima. Hadithi ni ile ile, maneno ni yale yale. Walichouza ni ruhusa ya mtu mzima kufungua kitabu mbele za watu bila kuangalia pembeni.

Kwa hiyo wewe wa kidato cha nne, uko katikati ya daraja ambapo upepo ni mkali. C.S. Lewis alipochapisha hadithi yake ya kwanza ya Narnia mwaka 1950, alimwandikia Lucy Barfield, binti yake wa ubatizo, kwamba binti huyo alikuwa ameshakua mno kwa hadithi za namna hiyo, ila siku moja angefikia umri wa kuanza kuzisoma tena. Mimi nakwambia ruka hicho kipindi cha kati, usiache hata siku moja. Na mama usibishane naye. Msomee sura moja kwa sauti akiwa na nafasi, halafu muulize ni mhusika gani hawezi kumruhusu aingie nyumbani kwake. Atakujibu. Akishakujibu, amekwisha kuwa msomaji.

Wazazi, nanyi niwaseme kidogo. Acheni kumpimia mtoto kitabu kwa namba iliyoandikwa nyuma ya jalada. Mwacheni akifungue, na kikimtisha mwacheni akifunge. Anajua kufunga kitabu, na hofu aliyoikimbia leo atairudia mwenyewe akiwa tayari. Akiruka nyimbo na orodha za wafalme waliopita, mwacheni aruke, hata mimi naruka. Majina asiyoweza kuyatamka na ayatamke apendavyo, hakuna mhusika atakayelalamika. Na akikuuliza swali la joka linakula nini, usimjibu "hiyo ni hadithi tu". Ukimjibu hivyo umemfunga mdomo, na utakuja kushangaa baadaye kwa nini hasomi.

Mtu mzima uliyeacha kusoma tangu ulipomaliza shule, usianze na majuzuu matatu. Anza na kifupi, na anza na ramani. Vitabu vingi vya fantasia vina ramani mbele, na watu wazima huifunua harakaharaka kwenda sura ya kwanza. Binti wetu hutembeza kidole juu yake kila mashujaa wanaposafiri. Ndiye aliyegundua kwamba walitumia siku tatu kuvuka msitu mdogo kuliko ukucha wake, halafu wakavuka jangwa zima kwa usiku mmoja. Mwandishi tulimsamehe, binti hajamsamehe.

Na ninyi walimu, walimu, walimu. Mkikuta mwanafunzi amejificha na riwaya, kabla hamjabana pua, muulizeni amefika wapi na anadhani nini kitafuata. Mtu anayesoma kwa kujificha ni mtu ambaye kazi yenu ameshaifanya nusu. Mimi sikuulizwa. Ningeulizwa, ningeeleza habari ya farasi mpaka kengele igonge.

Mwenye kikundi chake, narudia: mwenye madarasa machache aanze, mwenye shahada amalizie. Akikatiza, mrudisheni kwenye foleni. Atanuna, halafu ataanza kusikiliza, na mkifika kitabu cha pili mtaona maswali yake mwenyewe yamebadilika.

Kuchagua kitabu nako tunapokezana, na zamu hii ni ya fundi. Ametoa sharti moja: shujaa asiwe mtoto wa mfalme aliyepotea utotoni akalelewa na maskini. Awe maskini kweli, mwanzo mpaka mwisho, na asigunduliwe kuwa ni mtu mwingine. Nimepekua rafu zangu zote na kila nilichokishika kina mfalme aliyejificha mahali fulani. Mwenye jina la kitabu cha namna hiyo aniletee, kikao kiko karibu na fundi hana mchezo.