Mafundi Wajibu: Propela Ikigonga, Difu Husingiziwa

SWALI: Ndugu mafundi, nina Land Cruiser HZJ75 pikapu ya kubebea viazi kutoka Isyonje hadi Uyole. Nikiachia klachi linagonga "ko!" chini. Nikishika lami, kuanzia kilomita 60 hadi 80 kwa saa, sakafu yote inatetemeka. Fundi anasema difu (gia za ekseli ya nyuma) imekwisha, tutafute nyingine. Nikubali?
Msomaji, Rungwe

JIBU: Usitoe pesa bado. Difu iliyochoka huvuma, na mvumo wake hubadilika unapokanyaga na kuachia mafuta. "Ko!" ya mara moja ni plei, yaani kucheza kwa kifaa kilicholegea, na plei mara nyingi iko kwenye propela, mtaimbo unaozunguka kutoka giaboksi hadi difu.

Kwanza osha. Tope la huko likikauka upande mmoja wa propela linatosha kuiyumbisha, na watu wameshanunua spea kwa sababu ya tope. Kisha kaza bolti nane za propela ya nyuma, nne kila mwisho, kwa spana namba 14.

Je, ni tairi au propela? Kwa tairi 7.50R16 na difu ya 4.11 (propela huzunguka mara 4.11 tairi likizunguka mara moja), kwenye kilomita 60 tairi huzunguka karibu mara 7 kwa sekunde, propela karibu mara 27. Kwa hiyo tairi hutikisa polepole, mara nyingi usukani ukiwemo. Propela hutetemesha harakaharaka, na mtetemo unausikia kwenye kiti na sakafuni.

Sasa lala chini. Gari liwe tambarare, mawe mbele na nyuma ya tairi, gia huru, hendibreki imeachiwa. Shika flenchi (kisahani cha bolti mwishoni mwa propela) kwa mkono mmoja na propela kwa mwingine, zungusha kinyume. Krosi, kiungo cha umbo la msalaba kila mwisho wa propela, ikiwa nzima haina plei hata kidogo. Ukiona vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe vyake, sindano za ndani (roli nyembamba za beringi) zimeshakauka na grisi haitazifufua. Halafu nyanyua na kushusha flenchi ya pinioni, gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu. Kuzunguka kidogo ni kawaida, lakini ikicheza juu na chini beringi ya pinioni imekufa, na hapo fundi wako ana hoja.

Krosi ikiwa na plei au kutu, badilisha zote mbili. Kabla ya kufungua, piga alama za rangi kwenye flenchi na kwenye splaini (meno yanayoiacha propela irefuke na kufupika). Masikio (mikono inayoshika krosi) ya ncha mbili za propela ya nyuma lazima yalale sambamba. Ukirudisha splaini bila kufuata alama, unatengeneza mtetemo mpya. (Propela ya mbele ya baadhi ya Land Cruiser hutoka kiwandani ikiwa haijalala sambamba. Msiinyooshe, fuateni alama.)

Wakati wa kufunga, sindano moja ikianguka chini ya kikombe, klipu haitaingia kwenye mfereji wake. Hapo ndipo nyundo huharibu kazi. Toa kikombe, zipange upya na grisi. Propela ikiwa chini haishikilii tairi za nyuma, kwa hiyo mawe yasiondoke.

Grisi ya lithiamu namba 2, kila kilomita 5,000, na masika mapema zaidi. Kwenye krosi pampu mpaka grisi mpya itokeze vikombe vyote vinne. Kwenye splaini acha kupampu propela inapoanza kurefuka. Ukiijaza kupita hapo haijikunji gari likiingia shimoni, inasukuma beringi za pinioni na za giaboksi ndogo (inayogawa nguvu mbele na nyuma).

SWALI: Nimeongeza majani mawili ya springi nyuma. Pikapu likiwa tupu linatetemeka nikikanyaga mafuta, nikipakia linatulia. Krosi ni mpya.
Msomaji, Makambako

JIBU: Krosi inayozunguka ikiwa imekunja pembe haizunguki kwa mwendo sawa: kila mzunguko huharakisha na kupunguza mara mbili. Ya pili hufuta kosa la kwanza iwapo pembe zao zinalingana. Majani yamepandisha gari, pembe zimekuwa kali, na ukikanyaga mafuta pua ya difu inanyanyuka, pembe zinapishana. Mzigo unalishusha, ndiyo maana linatulia.

Toa jani moja ujaribu. Likikataa, pima pembe za krosi zote mbili kwa kipimo cha simu. Zisipishane zaidi ya digrii 1. Kabari ya chuma kati ya springi na ekseli hurekebisha pua ya difu, ila ifungwe baada ya kupima, na yubolti (bolti za umbo la U zinazoshika springi) zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo.