Sonari ya boti ndogo: anza na kina cha maji unayovua

Anayenunua sonari ya kutafutia samaki, yaani mashine inayotuma sauti majini na kuonyesha mwangwi wake kwenye kioo, kwa mara ya kwanza huvutwa na ukubwa wa kioo, ilhali swali la kwanza ni moja: unavua kwenye kina gani? Sehemu kubwa ya mkondo wa Unguja haifiki mita 60, na hapo sauti ya masafa (yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya kilohezi 200 hutosha, tena huchora sura ya mwamba kwa uwazi. Ukienda mkondo wa Pemba, ambako kina hupita mita 500, sauti ya masafa hayo hufifia kabla ya kurudi, nawe utahitaji kilohezi 50 na mashine yenye nguvu zaidi.

Pili, jifunze kusoma kioo kabla ya kukiamini. Transdyusa, kile kifaa cha majini kinachotoa sauti na kupokea mwangwi, hupeleka sauti chini kwa umbo la pia. Ikiwa pembe yake ni nyuzi 20, kwenye kina cha mita 30 unaona eneo lenye upana wa takriban mita 10 tu. Ukingo wa kulia ndio wa sasa hivi, na kila kilichoko kushoto kimekwisha kupita, kwa hiyo upinde unaouona katikati ya kioo ni wa samaki ambaye boti imekwisha kumwacha nyuma. Zima zile alama za vijisamaki, maana kifaa huweza kuzichora hata kwa mapovu na majani. Jua pia kwamba mwangwi wenye nguvu hutoka katika kibofu cha hewa cha samaki. Sehewa, samaki wa jamii ya jodari, hana kibofu hicho, hivyo kundi lake huonekana hafifu, na kwa samaki huyo mimi bado nawaamini ndege wanaoruka juu ya kundi kuliko kioo.

Katika teknolojia mpya, ninayoipendekeza bila kusita ni CHIRP. Badala ya kutoa sauti ya masafa mamoja, hupitia masafa mengi mfululizo, tuseme kuanzia kilohezi 150 hadi 240, na hivyo hutenganisha vitu vilivyokaribiana. Mvuvi wa mshipi hunufaika hapo hapo: chewa aliyetulia juu kidogo ya mwamba, ambaye kwenye mashine za zamani humezwa na mstari wa chini, huonekana amejitenga. Picha za pembeni, yaani za sonari inayotazama kulia na kushoto mwa boti, zinafaa kutafutia miamba kwenye kina kifupi. Sonari ya papo kwa papo, kama LiveScope ambayo kampuni ya Garmin iliitoa mwaka 2018, huonyesha samaki akikifuata chambo, na imewafaa sana wavuvi wa maziwa ya Marekani; lakini ni ghali, hula betri, na huona makumi machache ya mita tu. Simshauri anayeanza kuinunua.

Fedha hiyo itumie kwenye ufungaji. Transdyusa ikae tezi, mbali na rafadha, mahali ambapo maji hayana mapovu hata boti ikienda kasi, na waya wake usipite pamoja na nyaya za injini, kwani kioo kitajaa michirizi. Kisha, kabla ya safari ya kwanza, teremsha bildi, yaani kamba yenye timazi ya kupimia kina, kwenye maji tulivu ulinganishe kina chake na kile kinachosomwa na kioo.