Reservoir Dogs: Tarantino Katunga au Kadesa? Ushauri kwa Wanaopenda Kubishana Muvi

Wakikaa wapenzi wa muvi mahali, ni suala la muda tu kabla mmoja hajaitaja Reservoir Dogs, muvi ya majambazi ya mwongozaji wa Kimarekani Quentin Tarantino, na mwingine hajadakia, "Ile si yake, kadesa kwa Wachina." Hapo kelele zinaanza. Huyu anasema Tarantino ni fundi, yule anasema ni mwizi, na ukiuliza nani kati yao ameiona City on Fire, hiyo ya Wachina inayodaiwa kudeswa, mwanzo hadi mwisho, kila mtu anainamia simu yake. Nimebishana sana juu ya filamu hii, na kwa niliyoyaona, ubishi wake unaharibika kwa sababu moja: watu wanabishania klipu.

Klipu zenyewe nazifahamu. Mwaka 1994 Mmarekani anayeitwa Mike White alitengeneza filamu fupi, Who Do You Think You're Fooling?, iliyoziweka filamu hizi mbili bega kwa bega. Inashawishi kweli. Ila imechagua panapofanana na kuruka panapoachana, na ndivyo klipu zote za namna hiyo zinavyofanya hadi leo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mwepesi kuutamka na mgumu kuufuata: tazama zote mbili, nzima, ndipo ufungue mdomo.

City on Fire ni ya Hong Kong, mwaka 1987, mwongozaji Ringo Lam. Stelingi ni Chow Yun-fat, anayecheza Ko Chow, askari kanzu aliyepenyezwa katika genge la majambazi wa maduka ya vito. Humo ndani anashibana na jambazi mmoja, Fu, anayechezwa na Danny Lee. Wizi unaharibika, risasi zinarindima, wanakimbilia mafichoni, na mkubwa wao anaanza kunusa usaliti. Anamwelekezea Ko Chow bastola. Fu naye anamwelekezea mkubwa wake, na mwenzao mwingine anamwelekezea Fu. Mwishowe Ko Chow, akiwa anakata roho, anamwambia Fu ukweli: mimi ni askari.

Sasa weka pembeni yake Reservoir Dogs, 1992. Duka la vito, askari kanzu ndani ya genge, jambazi mzoefu anayempenda huyo askari bila kumjua, ghala, na mkubwa anayeshuku. Joe, ndiye mkubwa, anamwelekezea bastola Mr. Orange, ndiye askari; Mr. White, ndiye jambazi mzoefu, anamwelekezea Joe; Eddie, mtoto wa Joe, anamwelekezea Mr. White. Kisha Mr. Orange, damu zikimtoka, anakiri kwa Mr. White. Hata kile kipande cha jambazi kusimama na bastola mbili na kuimiminia risasi gari ya polisi kupitia kioo cha mbele kipo kwa Lam, na kwa Tarantino kipo vilevile. Akitokea mtu kukwambia hayo yamegongana kwa bahati tu, mwache aendelee na soda yake.

Basi kwamba amechukua, amechukua. Hapo wengi wanafunga mjadala, na mimi hapo ndipo ninapoanza kuvutiwa. Nimejizoesha kuuliza swali hili: kilichochukuliwa kilikuwa wapi kule kilikotoka, na huku kimewekwa wapi?

Kwa Lam, mambo yale ya mafichoni ni ya mwishoni. Kabla yake umekaa muda mrefu na Ko Chow: mchumba anayechoka kungojea ndoa isiyofika, ofisa mzee wa polisi aliyemtuma na anayebanwa na wakubwa wake, na ile hali ya mtu aliyekwisha kumsaliti rafiki mmoja na sasa anatumwa kumsaliti wa pili. Unajua tangu mapema kwamba ni askari, na roho yako iko kwake. Wizi wenyewe unauona kwa macho yako.

Tarantino ameukata mkia ule na kuutengenezea filamu nzima. Wizi hauonyeshwi. Tunatoka kwenye mgahawa, tunakuta Mr. Orange analia kwenye siti ya nyuma ya gari, tumbo limepigwa risasi, na kuanzia hapo karibu kila kitu ni ghalani. Halafu amefanya jambo moja ambalo klipu haiwezi kukuonyesha: ametuficha nani ni askari. Mr. White na jambazi mwenzake Mr. Pink wanafokeana juu ya nani amewauza, na wewe mtazamaji unakagua sura pamoja nao. Mr. Orange muda wote amelala pale chini kwenye dimbwi la damu, umeshamsahau, unamhesabu kama maiti. Jambazi mwingine, Mr. Blonde, anapotaka kumchoma moto yule polisi aliyefungwa kwenye kiti, ndipo risasi zinatoka upande ambao hukuwa unautazama, moja baada ya nyingine hadi bastola inaisha.

Kwa hiyo mwisho ni uleule kwa vitendo, lakini uchungu umehama. Kwa Lam unamlilia askari. Kwa Tarantino aliyeumia zaidi ni Mr. White, mtu aliyewageuka watu wake wote kwa ajili ya kijana aliyemjua juzi, na sasa amempakata, na kijana anamwambia samahani. Mimi huwa namtazama Harvey Keitel, anayemcheza Mr. White, usoni pale, sauti anayoitoa si ya kibinadamu. Hilo nalihesabu kuwa ni kazi mpya, hata kama mifupa ni ya mtu mwingine.

Kuna wale watakaokuletea orodha ya vingine alivyochukua. Majina ya rangi yametoka The Taking of Pelham One Two Three ya 1974, ambamo watekaji wa treni wanaitwa Blue, Green, Grey na Brown. Kuruka mbele na nyuma kwa muda kumetoka kwa mwongozaji Stanley Kubrick, The Killing, 1956. Sikio la kukatwa lipo kwenye Django ya Sergio Corbucci, 1966, na kule jamaa analishwa sikio lake mwenyewe. Yote kweli. Lakini usikubali yamwagwe mezani kwa mkupuo kana kwamba yana uzito mmoja. Majina ni pambo. Mpangilio wa muda si mali ya mtu. Na lile sikio, Tarantino aligeuza kamera ikatazama ukuta huku redio inapiga wimbo wa bendi ya Stealers Wheel, hadi leo kuna watu wanaapa wameona kisu kikikata.

Upande wa pili wa mizani weka ile meza ya mgahawa. Majambazi wanabishana juu ya maana ya wimbo wa Madonna, kisha Mr. Pink anakataa kuacha bakshishi na kuitolea hoja ndefu kama mwanasheria. Hayo huyakuti kwa Lam wala kwa Kubrick. (Na mzee mmoja pale mezani, Edward Bunker aliyecheza Mr. Blue, alikuwa mwizi wa kweli aliyefungwa magereza ya Marekani kabla ya kuwa mwandishi. Anaongea kidogo tu, inasikitisha.)

Jambo jingine ninalowaomba wabishi walitenganishe: upya wa filamu ni kesi moja, heshima kwa mwenye mali ni kesi nyingine. Kwenye mswada wa Reservoir Dogs, Tarantino aliweka orodha ya watu aliowatunukia kazi ile. Wamo waongozaji wa Kifaransa Godard na Melville, yumo Lionel White aliyeandika riwaya iliyozaa The Killing, na yumo Chow Yun-fat. Ringo Lam hayumo. Amemtaja mwigizaji, amemruka mwongozaji, na hilo mimi sijawahi kulimeza. Linganisha na The Departed ya 2006: hadithi ya Infernal Affairs ya Hong Kong ilinunuliwa kihalali, na mwandishi wake William Monahan akapewa Oscar ya mswada uliotokana na kazi nyingine. (Mtangazaji wa sherehe akasema chanzo chake ni filamu ya Kijapani. Hong Kong haina bahati.) Kabla ya hapo mwongozaji wa Kiitaliano Sergio Leone aliichukua Yojimbo ya Mjapani Kurosawa akafanya A Fistful of Dollars, 1964, bila ruhusa, kampuni ya Toho iliyotengeneza Yojimbo ikamshtaki, na ikabidi walipe.

Hukumu yangu ni kwamba Reservoir Dogs ni filamu mpya yenye deni ambalo halijalipwa. Unaweza kuipenda na bado ukamdai.

Ukikutana na yule anayesema "hadithi zote zimeshasimuliwa", usipoteze nguvu zako. Mwombe akutajie kipande kimoja cha filamu, na aeleze kimebadilika nini. Akishindwa, hamia meza nyingine.

Na kama umekaa na watu wa muvi za Kihindi, chomoa Kaante ya Sanjay Gupta, 2002, yenye Amitabh Bachchan na Sanjay Dutt. Ile nayo imechukua kwa Tarantino, ghala na bastola na msaliti. Utashangaa: anayemwita Tarantino mwizi ataitetea Kaante, na anayemtetea Tarantino ataicheka. Wote wapime kwa swali lilelile. Gupta ameurudisha wizi kwenye skrini, ameuhamishia benki ya Los Angeles, na amewapa majambazi wake sababu za kuiba ambazo Tarantino hakujishughulisha nazo. Kwangu mimi imebadilisha kidogo kuliko inavyojigamba, ila Amitabh anaibeba.

Mpangilio wa kutazama: anza na Lam. Ukianza na Tarantino, City on Fire utaiona inakwenda polepole, utakuwa unangojea bastola tu, na yule mchumba hutamwona kabisa. Reservoir Dogs ni dakika 99, inafaa usiku uleule. Kaante iwekee siku yake, maana ni ndefu na ina nyimbo.