Bata Mzinga wa Sikukuu ya Shukrani: Tupike au Tununue Kilichopikwa?

Kila ifikapo Novemba, ndugu waliohamia Marekani karibuni huniuliza swali lilelile: kwa Sikukuu ya Shukrani, ambayo huangukia Alhamisi ya nne ya mwezi huo, ni nafuu kununua chakula kilichokwisha kupikwa au kuingia jikoni wenyewe? Nimefanya yote mawili hapa Columbus, Ohio, na sasa kabla ya kujibu huuliza kwanza watakaa watu wangapi mezani, kwa sababu bei iliyobandikwa kwenye bata mzinga peke yake haikuambii mlo utagharimu kiasi gani.

Shirikisho la wakulima, American Farm Bureau Federation, limekuwa likipima gharama ya mlo huu kwa watu 10 tangu mwaka 1986. Hesabu yake ya mwaka 2024 ilikuwa dola 58.08, na katika hizo bata mzinga wa ratili 16, yaani kilo 7 na robo hivi, alichukua dola 25.67. Zaidi ya nusu ya fedha ilikwenda kwenye viazi vitamu, njegere, mikate midogo, kranberi, maziwa, krimu, pai ya boga na vinginevyo vinavyoandamana naye. Hesabu hiyo haigusi trei ya kuokea wala kipimajoto, vitu ambavyo familia iliyoingia nchini juzi haina.

Mwaka wetu wa kwanza tulinunua. Tulilipa dola 150 kwa chakula cha watu wanane, karibu dola 19 kwa kila mmoja, na nilikwenda kukichukua Jumatano jioni nikitarajia chakula cha kupakua tu. Nilipewa sanduku zito lililojaa baridi, pamoja na karatasi ya maelekezo iliyotaka bata, ambaye kweli alikuwa ameshaiva, arudishwe kwenye oveni kwa zaidi ya saa mbili. Oveni yetu ni moja, kwa hiyo viazi na mikate vilingoja zamu, na nyama ilimalizika pale pale mezani bila kubaki hata kipande cha kesho yake.

Mwaka uliofuata tulipika, tena kwa watu 12. Bata wa ratili 16 tulimpata kwa dola 15, kwani maduka makubwa hushusha bei ya bata waliogandishwa ili mteja aingie na kununua na mengine. Mahitaji mengine yalikula dola 49, trei na kipimajoto dola 31. Jumla ni dola 95, chini ya dola 8 kwa mtu, na vyombo vile tunavitumia hadi leo. Wanaokula halali wajue kwamba mapunguzo ya namna hii mara nyingi hayawahusu. Bata wa halali huwa ghali zaidi na inafaa kumwagiza mapema kwa mchinjaji.

Kosa nililofanya lilikuwa la muda. Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri bata ayeyukie ndani ya friji kwa saa 24 kwa kila ratili nne hadi tano, kwa hiyo wetu alihitaji karibu siku nne, nami nilimtoa kwenye friza Jumanne jioni. Alhamisi alfajiri, nilipoingiza mkono tumboni mwake ili nipake tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, vidole viligonga barafu, na kifuko chenye shingo na firigisi kilikuwa kimegandamana na mifupa. Tulimzamisha kwenye maji baridi tukiyabadilisha kila nusu saa, na wageni walioalikwa saa nane mchana walikula magharibi. Hata wakati ule wa haraka nilikataa kumtoa kwenye oveni kabla kipimajoto hakijafika nyuzi 165 za Farenhaiti, sawa na 74 za Selsiasi, kifuani na pajani, maana rangi ya ngozi haithibitishi kwamba nyama ya ndani imeiva.

Tulipata nyama ya pilau ya Ijumaa na mifupa ya supu, na hilo nalo lihesabiwe, mradi masalio yaingie kwenye friji ndani ya saa mbili na yaliwe kwa siku tatu au nne.

Kwa hiyo, mkifika wanane au zaidi, pikeni bata wenu, ila pai nunueni, kwani kazi yake ni kubwa kuliko fedha inayookolewa. Mkiwa watatu au wanne, kidari peke yake kinatosha na hakihitaji siku nne za kuyeyuka. Na mwenye zamu ya kazi siku hiyo, kama walivyo wengi wetu mahospitalini na maghalani, anunue bila kujilaumu, lakini kabla ya kulipa aulize nyama ina uzito gani na kama chakula kitatolewa kikiwa cha moto au baridi.